Limebaki Neno Moja

Shule haimpi mtoto neno jipya la Kiingereza mpaka mtu wa nyumbani kwake atoe lake moja la Kiswahili, na likishatoka halirudi. Mama mmoja, Sikudhani, alianza na maneno ya mbali, nyangumi na theluji. Sasa alikuwa amefika jikoni. Mwiko aliuita kile cha kusongea.

"Mama, limebaki moja, na mtihani ni kesho," binti yake Tunu alisema, akimvika kofia ya shule, ile ya kutolea maneno. "Toa kinu. Siku hizi hatutwangi."

"Nitoe nini, mwanangu?"

Tunu akakumbuka kwamba neno hilo lilishatoka. Kinu kilikuwa palepale, nyuma ya mlango.

Kofia ikaanza kuunguruma. Mtoaji akisita, yenyewe huchukua neno lililo karibu zaidi na moyo wake. Sikudhani alihangaika kutafuta neno asilolihitaji, lakini macho yake yalikuwa kwa binti yake, alivyokonda kwa kusoma. Kofia ikatulia.

"Limeingia," Tunu alisema, akicheka kwa furaha. "Asante, mama."

"Haya, njoo ule, Tunu."

Msichana akasimama. Tangu azaliwe, mama yake hakuwahi kumwita kwa jina.

"Mbona leo unaniita hivyo?"

"Kwani huwa nakuitaje?" Sikudhani aliuliza, akiendelea kupakua ugali.