Tumbo la Kiboko

Shangazi aliinua glasi, akaielekeza dirishani, akainusa. Sebule nzima ya wakwe ikamtazama. Binti wa kaka yake, aliyekaa karibu na mchumba wake, alikuwa amekunja vidole mpaka vinauma. Posa mbili zilishakufa mikononi mwa Shangazi: moja kwa sababu ya kikombe chenye shombo la yai, nyingine kwa sababu baba mkwe alijichokonoa masikio mezani. Na katika ukoo ule, asipopitisha yeye, hapapiti kitu.

Akanywa. Akamaliza.

"Haya sasa ndiyo maji!" akasema. "Hayana kutu, hayana harufu. Mkwe, hebu niongeze."

Baba wa mchumba, fundi bomba mnene mwenye haya, akakimbilia jikoni mwenyewe.

"Tangi letu wenyewe hilo, mkwe," mkewe akatamba. "Mtaa mzima wanachota hapa. Mume wangu kalitengeneza kwa mikono yake. Kwa mtu huyu hakitupwi kitu!"

"Heri yenu. Mimi maji yalinitia adabu tangu udogoni." Shangazi akajiweka sawa kitini. "Ile bustani ya michezo, kabla hawajajenga maduka, mnaikumbuka? Kiboko mnamkumbuka?"

Wakacheka. Nani asiyemkumbuka? Kiboko wa plastiki ngumu ya faiba, mkubwa kama chumba, na lile jicho lake la manjano. Watoto waliingia mdomoni, wakaogelea tumboni, kisha wakateleza na kutokea nyuma, chini ya mkia.

"Mnacheka nini?" Shangazi akakunja uso. "Mle tumboni kinyaa kitupu! Maji ya kijani, vuguvugu kama mate. Ukishika ukuta, utando unabaki kidoleni. Plasta za vidonda zinaelea. Siku niliyoingia mimi, mtoto mmoja akatapika mbele yangu. Nikapiga kelele, na mdomo ndio huo uko wazi." Akajipangusa midomo kana kwamba ni jana. "Yakaingia. Yuuh! Mpaka leo nikikumbuka, nasukutua mdomo."

Fundi, aliyekuwa amerudi na glasi, akapaliwa. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Msamehe bure," mkewe akasema, huku akimkanyaga mguu. "Kuna watu humu ndani walikojoa mle."

Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Hata binti akacheka. Shangazi akamkazia fundi macho kama aliyemfumania.

"Utoto, mkwe," fundi akanong'ona.

"Utoto nausamehe. Lakini ile takataka, walipovunja bustani, si waliichoma?"

"Mabaki waliya..." fundi akaanza.

"Walichoma!" mkewe akadakia. "Moshi mweusi huo! Kunywa, mkwe, yasije yakapata joto."

Shangazi akanywa. Akaenda kukagua choo, akarudi bila kuona kasoro. Akapitisha kidole juu ya kabati, akakitazama; kilikuwa safi. Binti akawa anakifuata kidole kwa macho.

"Nimekubali," Shangazi akasema. "Mwanangu anaolewa hapa, na atakayepinga aje kwangu. Nanyi nifungieni chupa ya haya maji, ninywe njiani."

Binti akamrukia shingoni. Fundi akajifuta jasho kwa kitambaa cha meza, akakumbuka, akakirudisha haraka.

Gari lilipozunguka nyuma ya nyumba, Shangazi alikuwa amepiga funda kubwa, mashavu yamemjaa. Akainua macho alione hilo tangi la sifa. Lilikuwa juu ya mnara wa matofali, limepakwa bluu, ila upande huu rangi ilikuwa imebambuka, na jicho la manjano likawa linamtazama. Bomba la kwenda jikoni lilikuwa limetokea kulekule, chini ya mkia.