Mlango Unaoitikia Hodi

Tangu sheria iseme kwamba jibu la mlango ndilo jibu la mwenye nyumba, Rukiya hakuitikia tena hodi kwa kinywa chake. Mlango wake wa kioo, ule wa kusukuma pembeni, ulijibu kwa sauti yake: mara "Karibu," mara "Mwenyewe hayupo." Juzi ndipo alipogundua kwamba mwaka mzima mlango huo ulikuwa ukimfukuza dada yake, Siwema.

Leo fundi Chambo ameung'oa, akauegemeza barazani, akaanza kupima fremu ya mlango wa mbao za mninga. Rukiya hakutulia. Alifagia vumbi lilelile mara tatu, kila mara akichungulia njiani, maana alikuwa amemwita Siwema.

"Hodi!"

"Karibu, dada! Pita tu, mlango hakuna tena!"

"Mwenyewe hayupo," kioo kikasema kutoka barazani, kwa sauti ileile.

"Si ulikata umeme wewe?" Rukiya akamfokea fundi.

"Tangu asubuhi, mama."

Siwema alimtazama mdogo wake aliyesimama mbele yake, kisha akakitazama kioo. Akajifunga mtandio vizuri.

"Haya," akamwambia Rukiya kwa upole. "Akirudi, mwambie dada yake alipita."