Jamaa wa Marehemu

Sabiri alifuta machozi kabla hajalijua jina la marehemu.

Machozi yenyewe hayakuwa ya uongo. Tangu unga na mkaa vilipopanda bei, jiko la nyumbani kwake Makorora liliwashwa mara moja kwa siku, na jana halikuwashwa kabisa. Kibarua cha kupakua mizigo alikipata siku mbili tu mwezi mzima. Mkewe, Chiku, aliwalaza watoto wanne kwa chai ya rangi. Kwa hiyo leo, aliposikia kuna hitima mtaa wa Mabawa, Sabiri alivaa kanzu, akaficha mfuko wa nailoni kiunoni, akaenda kwa miguu.

Hii ilikuwa hitima yake ya sita. Alikuwa na kanuni zake. Hakurudi mtaa mmoja mara mbili. Hakukaa karibu na wafiwa. Hakusema neno ila aliposemeshwa. Wenzake walipoinuka kunawa, wali uliobaki kwenye sinia uliingia mfukoni.

Katika minong'ono ya mkekani aliokota mambo mawili: marehemu aliitwa Mwinyijuma, na kwao ni Mkwaja. Kwa kawaida hayo yalimtosha.

"Kula, bwana," alisema mzee wa pembeni yake. "Wali huu tumechanga sisi majirani. Mkwaja kwenyewe simu hazipokelewi."

"Na nyama je?" aliuliza mwingine.

"Nyama ilipita juu ya sufuria, ikatoa salamu, ikaenda zake."

Wakacheka kwa chini, kama wanavyocheka watu msibani. Sabiri alikuwa amekwisha kutia konzi ya wali mfukoni, chini ya kanzu, mkono ulipomgusa bega. Alikuwa Mzee Idarusi, mwenye nyumba aliyompangisha marehemu chumba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sura yako ngeni kwangu. Wewe na marehemu mlijuana wapi?"

Wali wa moto ulimuunguza paja. Akifedheheka hapa, habari zingefika kila msikiti wa mji, na watoto wangelala tena na njaa.

"Ni ndugu yangu, mzee. Baba yake na baba yangu tumbo moja. Tumelelewa nyumba moja, Mkwaja."

Watu wakaacha kutafuna. Mzee Idarusi akageukia uani.

"Zuleha, hebu njoo umsikie huyu."

Mkewe akaja, upawa mkononi.

"Baba zenu tumbo moja?" akauliza. "Kweli?"

"Wallahi," alisema Sabiri. Hakuwahi kuapa uongo maishani mwake. Akasubiri kutolewa nje.

Zuleha akajifunika uso kwa upande wa kanga, akalia.

Kuanzia hapo mambo yakabadilika. Sabiri alihamishiwa mbele, kwenye mkeka mpya. Akaletewa sahani yake peke yake, na nyama juu. Akaletewa soda. Wazee wakaja mmoja mmoja kumpa mkono wa pole. Alikula kama ambavyo hakula tangu mfungo uishe, na kila alipopunguza sahani, Zuleha aliijaza.

"Nyumbani una watu wangapi, kaka yangu?"

"Mke na watoto wanne."

"Mashaallah. Umezoea watoto."

Akaondoka, akarudi na ndoo ya wali iliyojaa hadi mfunikoni. Akilini, Sabiri alimwona Chiku akiifunua. Aliwaona watoto wakigombania ukoko. Haya ikampata kwa mara ya kwanza, akamsomea Mwinyijuma Fatiha kwa moyo wote.

Dua ilipokwisha, Mzee Idarusi alimshika mkono, akamsindikiza hadi barazani. Majirani wakawafuata.

Barazani walisimama watoto watatu, wameogeshwa, wamepakwa mafuta, kila mmoja na furushi lake. Mdogo hakuzidi miaka mitatu.

"Mama yao alimtangulia baba yao," alisema mzee. "Tulikuwa tumekata tamaa ya kumpata mtu wao." Akawageukia. "Msalimieni ami yenu. Mtakaa kwake."

"Shikamoo, ami."

Yule mkubwa akampokea Sabiri ndoo, ili apate mkono wa kumbeba mdogo.