Kidole Kinachochelewa

Sheria ilikuwa imekwisha kuzoeleka: gitaa la nyumbani lisipigwe ila kupitia amplifaya inayosahihisha makosa. Ya Mhina ililetwa Jumamosi asubuhi, ndogo kama boksi la viatu, na ile yake ya zamani ikachukuliwa.

Akaketi nayo sebuleni akiijaribu kwa gitaa lake la umeme. Ukizungusha kitufe kimoja, inalia kama amplifaya za kumbi za dansi alizopigia ujanani. Ukizungusha kingine, inanguruma kama ya kanisani. Ilikuwa nzuri, hakuwa na la kulalamikia.

Kisha akapiga wimbo aliomtungia mkewe, Mboza, kabla hawajaoana. Kwenye kiitikio, kidole chake cha pete, kilichowahi kuvunjika, huchelewa kidogo. Kwa miaka thelathini na minane, Mboza akiwa jikoni, kisukumio chake cha chapati kilinyamaza hapo, kikakingoja kidole, ndipo kikaendelea.

Leo kidole kilichelewa vilevile, lakini sauti haikuchelewa. Kisukumio nacho hakikunyamaza.

Mhina akatafuta kitufe cha kuzima usahihishaji. Hakikuwapo. Akangoja aone kama atakasirika. Hakukasirika, alikuwa amekaa tu.

“Baba Semeni!” Mboza akaita. “Hebu zima hiyo redio, unipigie ule wetu.”

“Haya.”

Akaizima, akagusa nyuzi. Bila amplifaya, sauti haikufika hata mlangoni. Akaiwasha tena, akauanza wimbo upya, polepole, kwa kidole kilekile.

“Si nimesema uizime redio?” akauliza Mboza, kisukumio kikiendelea.