Injini ya Udongo Mbichi

Kosa la kwanza mzee alilikamata hata kabla hajavaa miwani.

"Feni gani hii ina mapanga matano? Unataka kupoza injini au kupepea wageni wa harusi?"

Akavaa miwani, akavuta kiti karibu na meza ya chakula, akaanza kuichambua injini ya udongo ambayo binti yake, mfinyanzi, alikuwa ameileta imefunikwa kwa kitambaa chenye unyevu. Kabureta imetazama nyuma. Kijiti cha kupimia oili kiko upande usio wake. Boliti moja ya kifuniko haipo. Mzee alikuwa fundi wa magari ya zamani kwa miaka arobaini, na injini ya aina hii aliwahi kuifungua gizani, mvua ikimnyeshea, kwa spana mbili tu. Huyo humdanganyi. Alipomaliza alikuwa amehesabu makosa kumi na mawili, na amecheka mpaka machozi yanamtoka.

"Mama, wewe umekulia gereji kwangu," alimwambia binti yake. "Aibu gani hii unanitia?"

"Nitajitahidi, baba."

Naye alikuwa anacheka. Hakuna aliyekuwa amemwona na furaha kama ile tangu siku dereva wa teksi alipomkuta mzee amepotea njia akamrudisha nyumbani, na wote wakakubaliana kwamba lilikuwa jua kali tu.

Mpango ukawa huo. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi angeleta injini ikiwa mbichi, maana udongo ukishaingia kwenye tanuri hauna marekebisho tena. Siku mzee atakaposema iko sawa, ndipo itachomwa, ipakwe rangi ya chuma kilichozeeka, iende kwenye maonyesho. Mwenye ukumbi alikuwa ameshamtengea meza ya katikati, na alipiga simu kuuliza hadi haya zikamwishia.

Mwezi wa pili, makosa kumi na moja. Mwezi wa nne, tisa.

Kaka yake mfinyanzi, kinyozi aliyekuwa akiishi na mzee, ndiye aliyeshangilia zaidi. Injini yeye alizijua kwa kukaa kiti cha abiria, lakini kuhesabu alijua.

"Tisa! Dada, mambo yanaiva."

Mfinyanzi alikunja kitambaa chake. Aliibeba injini hadi karakana yake, akaivunja, akailoweka kwenye ndoo. Kurekebisha hakutaka. Kila mwezi alianza upya kutoka kwenye donge, na kinyozi akasema huo sasa ndio ukaidi wa ukoo wao.

Mwezi wa saba, matano. Siku hizi mzee alichukua muda. Kidole chake kilipita juu ya plagi, kikasimama, kikarudi, kama mtu anayetafuta swichi ya taa kwenye nyumba ya watu. Mfinyanzi alisimama nyuma ya kiti amebana pumzi.

"Angalia vizuri, baba. Usinionee huruma."

"Nani akuonee huruma?" mzee alifoka. "Hapa! Nyaya za plagi umezivuruga zote."

Mfinyanzi akashusha pumzi, akambusu baba yake utosini. Kinyozi alibaki anatikisa kichwa. Hakuwahi kuona mtu anafurahia kukosolewa kiasi kile.

Mwezi wa tisa mzee aliacha kumwita Mama. Alimwita fundi. Karibu, fundi. Kaa hapa, fundi.

"Umesikia?" kinyozi alimnong'oneza mlangoni. "Mimi na vichwa vyote hivi ninavyonyoa, hajawahi hata siku moja kuniita fundi. Umekubalika!"

Mfinyanzi alisema anakwenda kunawa mikono. Alikaa bafuni muda mrefu, bomba likitiririka. Makosa siku hiyo yalikuwa mawili.

Mwezi uliofuata alifanya kazi kama mtu anayekimbizwa. Chakula kilimshinda. Alilitaka neno moja tu kutoka kinywani mwa baba yake, na alilitaka kuliko ukumbi, kuliko meza ya katikati, kuliko jina.

Jumamosi ilipofika aliiweka injini mezani, akavua kitambaa polepole. Kinyozi akamvisha mzee miwani. Mzee alipapasa juu, akapapasa pembeni, akaweka mikono yake mapajani.

"Nzuri," alisema.

"Haina kosa?" Mfinyanzi aliisogeza injini karibu naye. "Hebu tazama tena, baba. Tazama na upande huu. Na huku mbele. Taratibu tu, hatuna haraka."

Mzee akatazama upande ule, akatazama na mbele. Kisha akamwinulia binti yake uso, akatabasamu kwa adabu, tabasamu la mtu anayetaka mgeni wake aondoke ameridhika.

"Haina kosa, fundi. Iko sawa kabisa."

Kinyozi akaruka juu, akapiga makofi, akaitoa simu mfukoni ampigie mwenye ukumbi hapo hapo.

"Lia, dada, lia! Miezi kumi si mchezo! Ulianza na kumi na mawili, leo hata moja!"

Mfinyanzi alikuwa amepiga magoti kando ya kiti, uso ameuzika mapajani mwa baba yake, analia kwa sauti, moyo umempasuka. Juu ya meza, injini ilikuwa na makosa kumi na mawili, yale yale ya mwezi wa kwanza, ambayo kila mwezi aliyatia kwa mkono wake mwenyewe, ili ajue baba yake amebaki kiasi gani.