Pimbi Sita na Pango Lao

Walikuwepo pimbi sita, ndugu wa tumbo moja, walioishi pango moja na kupika jiko moja. Siku moja waligombania mwiko, wakatawanyika, kila mmoja na pango lake. Dada mkubwa akabaki peke yake katika lile la zamani.

Miaka ikapita. Akaja Nungunungu, mtafiti wa makazi ya pamoja, mdadisi asiyechoka kuuliza.

"Shikamoo, Bi Pimbi. Mliishije humu?"

"Marahaba, mwanangu. Kwa kelele! Mmoja anakoroma, mwingine anaimba, na kukipambazuka tunaota jua tumebanana. Sijapata joto kama lile tena."

"Ungependa warudi?"

"Mno. Lakini wao hawataki."

"Amekuambia nani?"

Hakuna aliyemwambia.

Nungunungu akawaendea wale watano, pango kwa pango. Kila mmoja alisema anatamani kurudi, ila wenzake hawataki. Basi akawakusanya, akawasomea majibu yao yote.

Kesho yake wakafika mlangoni na virago vyao. Dada mkubwa akawatazama mvi zao, akacheka, kisha akalia.

"Miaka yote hiyo," alisema, "na hakuna aliyeuliza."