Daraja la Hatua ya Saba

Kila asubuhi saa mbili Nthenya aliweka kikombe cha chai kwenye stuli, upande wa kulia wa baba yake, kisha akaketi kumsomea gazeti. Alianza na matangazo ya vifo, maana Mzee Musyoka alitaka kujua kwanza nani ametangulia, ndipo asikie serikali imesema nini. Miwani yake ilipasuka Krismasi na mpaka leo hakuwa amenunua nyingine. Jumamosi hiyo walikuwa wamefika kwa marehemu wa pili alipoinua mkono.

"Weka hiyo gazeti, mwaitu. Washa ile kompyuta."

Alimwita mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, kwa kuwa msichana alipewa jina la nyanya yake mzaa baba.

Nthenya alitazama saa ya ukutani. Mkubwa wa kituo cha afya kule Lodwar, mbali kaskazini, alitaka jibu kabla ya saa sita: anaripoti Jumatatu, au kazi apewe mwingine. Wiki nzima alikuwa na neno moja kooni, na kila alipolikaribia baba alimkatiza: Hutaki kwenda? Sawa, nipe sababu moja ya maana. Na isiwe ni mimi, mimi si mtoto. Nthenya, aliyezoea kumeza maneno tangu utotoni, akameza na hilo.

Sababu hakuwa nayo. Alikuwa na vijimambo tu. Baba ameuza pikipiki, akasingizia magoti. Jioni anakaa sebuleni bila taa, eti tokeni za stima zimepanda bei. Shangazi Mbula alilalamika kwamba kaka yake ameingiwa na maringo, siku hizi anapita watu njiani mpaka wamsalimie wao kwanza. Ukiyajumlisha yote unapata mzee mwenye vituko, basi.

Kompyuta ilikaa kwenye meza ya kona, imefunikwa leso ya marehemu mama. Baba aliiokota ofisi ya ushirika wa kahawa ilipobadilisha mashine zake, akaileta nyumbani Mumbuni akiwa ameipakata kama mtoto mchanga.

"Viatu," alisema.

Nthenya akavua ndara. Ilikuwa sheria ya zamani: vumbi la miguu huiletea kompyuta virusi. Hakuna aliyewahi kumtoa baba kwenye imani hiyo.

Mashine ikanguruma, ikafikiri, ikaamka. Mchezo ulikuwa palepale: kijitu cha kofia nyekundu, ngome, funguo, popo. Muziki wake mwembamba ulitoka ndani ya sanduku la mashine lililokuwa chini ya meza, na kila kitu kilikuwa na mlio wake, chura na wake, popo na wake, mlango na wake. Nthenya alipokuwa na miaka tisa yeye alibonyeza, baba akasimama nyuma akimwongoza. Hawakuwahi kuvuka daraja la hatua ya saba.

"Leo tunavuka," baba alisema, ameshika mgongo wa kiti. "Uende Lodwar ukiwa umemaliza."

Vidole vya Nthenya vilikuwa vimesahau. Alikufa mara mbili kabla hata ya kupata ufunguo wa kwanza. Baba hakuwa amesahau chochote. Ruka. Ngoja. Ngoja. Sasa. Akamtania: tangu lini msomi wa chuo akaliwa na chura? Nthenya akacheka. Mtu mwenye kichwa kama hiki anaweza kuachwa peke yake, aliwaza. Labda alikuwa akijisumbua bure. Wakimaliza angepiga simu aseme anakuja.

Hatua ya tatu kitu kikalia tik, kama kijiti kimevunjika.

Vidole vyake vikasimama. Akageuka. Baba alikuwa amekaza macho mbele, akitabasamu.

"Mbona umesimama, mwaitu? Popo huyo. Inama."

Akabonyeza mshale wa chini. Mlio wa popo ukapita.

"Haya, kulia. Ruka."

Kuanzia hapo Nthenya alifanya alivyoambiwa tu, kulia, kushoto, ngoja, ruka. Hatua ya nne. Ya tano. Ya sita. Hakuikumbuka tena saa ya ukutani.

Kwenye daraja baba aliinama karibu na sikio lake. Mbao zinaanguka, alimnong'oneza, usihangaike kuzihesabu, sikiliza tu. Moja, mbili, ruka. Moja, mbili, ruka. Halafu muziki ukanyamaza kabisa. Nthenya akashika pumzi. Ukalipuka wimbo mfupi, wa furaha, ambao nyumba hiyo haikuwahi kuusikia.

Baba alipiga makofi mpaka kikombe kikatikisika kwenye stuli.

"Ona hizo rangi, mwaitu. Miaka kumi na sita, na leo tumeziona. Ona vile zinang'aa."

Nthenya alitazama. Skrini ilikuwa nyeusi tii, kama ilivyokuwa tangu ule mlio wa hatua ya tatu, na ndani yake aliona sura mbili: yake, na ya baba, ameinamisha kichwa akilitabasamia sanduku chini ya meza.

"Siendi Lodwar, Baba," alisema. "Ile sababu uliyoniuliza, nimeipata."